Nani kaipiga X p53? Jinsi seli inavyochagua protini za kubomoa

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: otesha seli, zipasue, pima protini moja inayoitwa p53. Seli zenyewe zilikuwa HeLa, zile ambazo maabara nyingi za baiolojia duniani zinazo kwenye friza. Njia ya kupima nayo ni ya kawaida. Unatenganisha protini kwenye jeli kwa umeme, unazihamishia kwenye utando mwembamba, unamwagia kingamwili inayoshika p53 peke yake, kisha unapiga picha na kutafuta mstari mweusi. Mstari ukiwepo, protini ipo.

Mstari haukuwepo. Kulikuwa na kivuli fulani hafifu, kile ambacho ukitaka kukiona unakiona na usipotaka hukioni. Nikarudia. Nikapima kingamwili upya, nikarudia tena, safari hii nikiweka pembeni seli za saratani ya titi kwa ajili ya kulinganisha. Za titi zikatoa mstari safi kabisa. HeLa, kimya. Wiki mbili zikaisha hivyo. Nilipompelekea msimamizi wangu picha aliitazama kidogo akauliza, "Hizi si HeLa? Sasa ulitegemea nini?" Akaniambia niwape seli dawa inayoziba proteasomu, nisubiri saa kadhaa, nipime tena.

Mstari ukatokea.

Kumbe protini ilikuwa inatengenezwa muda wote. Jeni yake imo ndani ya seli zile, haina kasoro, na inasomwa kama kawaida. Ila kila p53 iliyotoka kiwandani ilikuwa inabomolewa kabla sijaiona. Swali ambalo nilipaswa kuuliza tangu siku ya kwanza halikuwa "ipo wapi?" bali "nani anaagiza ibomolewe?" Nikajibu swali hilo hapa, maana jibu lake linagusa saratani inayoua wanawake wengi sana katika nchi zetu.

Kubomoa kunakolipiwa

Tuanze mbali kidogo. Kwa muda mrefu watu walidhani protini za mwilini zikishajengwa zinakaa, kama matofali ya nyumba, na chakula tunachokula ni mafuta ya kuendeshea gari tu. Miaka ya 1930 Rudolf Schoenheimer, mkemia aliyekimbia Ujerumani na kuhamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alilisha panya asidi amino zilizowekwa naitrojeni nzito ili aweze kuzifuatilia. Alitegemea sehemu kubwa itoke kwenye mkojo. Badala yake akaikuta imejengwa ndani ya tishu za panya, na panya hawajaongezeka uzito. Maana yake moja tu: ya zamani ilikuwa inatolewa na mpya inawekwa, kila siku, kimyakimya.

Sawa, protini zinavunjwa. Tumboni pia zinavunjwa: unakula maharage, vimeng'enya vinakata, basi. Kazi hiyo ya kukata haihitaji nishati. Ndiyo maana watu walishangaa mwaka 1953, Melvin Simpson alipoonyesha kwamba vipande vya ini vinahitaji nishati ili kuvunja protini zao vyenyewe. Ukizizuia seli zisitengeneze ATP, ubomoaji nao unapungua. Hili kikemia ni jambo la ajabu. Ni kama jiwe kudai nauli ili lishuke mlima. Kwa nini seli ilipie kitu ambacho kingetokea bure?

Jibu lilichukua karibu miaka thelathini, na lilipatikana ndani ya damu ya sungura. Chembe changa nyekundu za damu zina sifa nzuri kwa swali hili: zikielekea kukomaa hupoteza lisosomu, vile vifuko vya vimeng'enya vikali ambavyo kila mtu alidhani ndivyo vinavyofanya kazi yote ya kuvunja. Lakini bado zinavunja protini mbovu, na bado zinahitaji ATP. Kwa hiyo kuna mtambo mwingine. Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, huko Technion mjini Haifa, walichukua mchuzi wa chembe hizo wakaugawa mafungu mawili. Kila fungu peke yake halikufanya kitu. Ukiyachanganya na kuongeza ATP, protini zinavunjwa.

Fungu la kwanza lilikuwa limejaa hemoglobini, na kutafuta kitu kidogo ndani ya hemoglobini yote ile ni mateso. Wakalichemsha. Hemoglobini ikaganda na kuzama kama tope, na kile walichokitafuta kikabaki kwenye maji meupe yaliyo juu, kizima. Protini inayostahimili kuchemshwa! Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na protini, anayezibeba kwenye barafu kama mtoto mchanga, ataelewa kwa nini hapo lazima walitazamana. Baadaye, kwa kushirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, wakaona jambo ambalo hawakulitegemea. Kitu hicho hakikuwa kinakata chochote. Kilikuwa kinajibandika kwenye protini inayosubiri kuvunjwa, tena si kimoja, vingi kwa pamoja. Mwaka 1980 ikajulikana kwamba ni protini ndogo iliyokwisha kupewa jina miaka mitano kabla bila mtu kujua kazi yake: yubikwitini. Watatu hao walipewa Nobel ya kemia mwaka 2004.

Nishati ilikuwa inalipia uchaguzi, yaani kazi ya kuamua nani avunjwe na nani aachwe.

X nyekundu ukutani

Kama umewahi kupita barabara inayotaka kupanuliwa unaijua X nyekundu. Jana nyumba ilikuwa nyumba, leo asubuhi ukutani kuna X. Dereva wa katapila akifika hana mjadala. Hajui mwenye nyumba ni nani, hati anayo au hana. Anatafuta X. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini nyumba fulani imeanguka, usimuulize dereva. Muulize aliyekuja na kopo la rangi.

Yubikwitini ndiyo rangi. Ni protini fupi ya asidi amino 76 tu, na imebadilika kidogo mno katika historia ya viumbe: yako na ya hamira iliyoumua maandazi ya asubuhi zinatofautiana sehemu tatu. Kuibandika kunahitaji vimeng'enya vya aina tatu vinavyopokezana. Cha kwanza, E1, kinatumia ATP kuiamsha yubikwitini; hapo ndipo ile nauli ya Simpson inapoanza kulipwa. E1 anaikabidhi kwa E2. Kisha anakuja E3, na huyu ndiye wa kumtazama, maana ndiye anayeshika mkono mmoja E2 mwenye rangi na mkono wa pili protini inayolengwa, na kuzisogeza pamoja mpaka mkia wa yubikwitini ushikane na laisini mojawapo ya ile protini.

Ukihesabu vimeng'enya hivyo kwa binadamu utaona mamlaka yamekaa wapi. E1 ziko 2. E2 ziko kama 40. E3 zinapita 600. Kila E3 ina macho yake: inatambua protini chache tu, kwa dalili maalumu.

Dalili hizo ni za namna nyingi, nitataja mbili. Protini iliyoshindwa kujikunja vizuri huacha nje sehemu zake zinazokimbia maji, sehemu ambazo kwa protini nzima hufichwa ndani. Kuna E3 zinazotambua aibu hiyo. Nyingine ni nzuri zaidi. Protini iitwayo HIF inahusika na kuamsha mwili unapokosa oksijeni. Oksijeni ikiwepo, kuna vimeng'enya vinavyoitumia oksijeni hiyohiyo kuigonga HIF muhuri mdogo wa kikemia, na E3 moja inausoma muhuri ule. HIF inapigwa X na kutoweka ndani ya dakika chache. Panda Kilimanjaro, oksijeni ipungue, muhuri haugongwi, HIF inabaki na kuanza kazi. Seli inatengeneza HIF na kuivunja, inatengeneza na kuivunja, maisha yako yote, ili tu siku ukikosa hewa isianze kujenga kutoka sifuri. Ukiona ni ubadhirifu, fikiria zimamoto wanaolipwa mshahara siku ambazo hakuna moto.

Sasa mfano wangu wa X unapwaya mahali pawili, niseme mapema kabla hujanibana. Kwanza, X moja kwa kawaida haitoshi. Yubikwitini yenyewe ina laisini saba, na nyingine inaweza kushikizwa juu ya mojawapo, na nyingine juu ya hiyo, mpaka uwe mnyororo. Mnyororo ulioungwa kwenye laisini ya 48, wenye yubikwitini nne au zaidi, ndio tafsiri ya kawaida ya "bomoa". Ukiungwa kwenye laisini ya 63 mara nyingi unasema mambo mengine kabisa, kwa mfano kuita mafundi wa kukarabati DNA. Rangi ileile, mwandiko tofauti. Pili, kuna vimeng'enya karibu mia moja ambavyo kazi yao ni kufuta. Nyumba ya mtaani ikishapigwa X, kuifuta ni shughuli ya mahakama. Kwenye seli inafutwa na kurudiwa mchana kutwa.

Katapila lenyewe ni proteasomu. Fikiria pipa lenye mifuniko. Pipa limejengwa kwa pete nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila pete vipande saba, na meno ya kukatia yamo ndani kabisa, kwenye pete mbili za katikati. Hapo nje hakuna jino hata moja. Mlango wake ni mwembamba kiasi kwamba protini iliyojikunja haiwezi kupita, hata ikitaka. Mfuniko ndio unaofanya kazi ngumu: unaushika mnyororo wa yubikwitini, unakamata ncha iliyolegea ya protini, na pete ya injini sita zinazochoma ATP inaivuta na kuikunjua, kama unavyofumua sweta kwa kuvuta uzi mmoja. Wakati inavutwa, mnyororo wa yubikwitini unakatwa na kurudishwa ukatumike tena. Rangi haitupwi. Upande wa ndani protini inatoka vipande vifupi, vingi vikiwa na asidi amino kati ya 3 na 25, ambavyo vimeng'enya vingine vinamalizia.

Ukiyaona meno yale yalivyofichwa utaelewa pia kwa nini seli haijimalizi yenyewe. Kitu chenye uwezo wa kuvunja karibu protini yoyote kinaogelea katikati ya protini zote, na hakigusi isiyo na tiketi.

Mlinzi anayeuawa kila nusu saa

Turudi kwenye p53. Watu wa saratani huiita mlinzi wa jenomu, na kwa mara moja jina la sifa linastahili. DNA ikikatika au kuharibika, p53 inasimamisha seli isigawanyike mpaka ikarabatiwe, na uharibifu ukiwa mkubwa inaiamuru seli ijiue. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika.

Lakini mlinzi mwenye mamlaka ya kukuua si mtu wa kukaa naye sebuleni. Kwenye seli yenye afya p53 inapigwa X bila kukoma na E3 iitwayo MDM2, na haidumu; mara nyingi nusu yake inatoweka katika muda usiofika nusu saa. DNA ikivunjika, vimeng'enya vya tahadhari vinaibandika p53 fosfati karibu kabisa na pale MDM2 inaposhika. Mkono unateleza. Ndani ya muda mfupi p53 inajaa kwenye kiini, bila hata jeni yake kuombwa iongeze kasi. Na moja ya jeni ambazo p53 inaziwasha ni ya MDM2. Yaani mlinzi akiamka, jambo mojawapo analolifanya ni kumwandaa atakayemrudisha usingizini. Mimi mpango huu naupenda, nakiri.

Hapo ndipo anapoingia mwizi. Kirusi cha HPV, cha papiloma ya binadamu, hakina mashine yake ya kunakili DNA. Kinategemea ya seli. Shida ni kwamba kinajizidishia katika tabaka za ngozi laini ambazo seli zake zilishapaswa kuacha kugawanyika. Kwa hiyo kina protini moja, E7, inayozisukuma seli hizo zirudi kazini kwa nguvu. Seli inayosukumwa hivyo inapiga kelele, na anayeitikia kelele ni p53. Kirusi kisipomnyamazisha p53, seli inajiua nacho kikiwa ndani.

Kingeweza kuleta kimeng'enya chake cha kukata p53. Hakikufanya hivyo. Kilikuja na protini ndogo sana, E6, yenye asidi amino kama 150, isiyoweza kukata kitu chochote. Kazi yake ni kumkamata E3 mmoja wa seli, anayeitwa E6AP, na kumgeuza uso. E6AP akiwa peke yake hana habari na p53, hamtambui. Akishashikwa na E6, wawili hao kwa pamoja wanapata umbo linaloishika p53 barabara. Rangi ni ya seli, brashi ni ya seli, katapila ni la seli, hata ATP inayolipa ni ya seli. Kirusi kimeleta kidole cha kuelekeza tu, na kidole kimeelekezwa kituo cha polisi.

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1990, na waliolionyesha walitumia, utacheka, ule mchuzi uleule wa chembe changa za damu ya sungura: weka p53, weka E6 ya HPV 16 au 18, weka ATP, na p53 inayeyuka. Weka E6 ya HPV 6 au 11, zinazoleta vigwaru visivyogeuka saratani kirahisi, na p53 inabaki. E6AP yenyewe iligunduliwa kupitia kirusi, ndiyo maana hata jina lake ni la kutambulishwa kwa mwingine: "protini inayoambatana na E6". Baadaye ikajulikana kwamba ina kazi zake halali, tena nzito. Mtoto akizaliwa bila nakala inayofanya kazi kwenye ubongo anapata ugonjwa wa Angelman, wenye degedege na kuchelewa sana kuongea. E3 moja, ikikosekana ni msiba, na ikielekezwa vibaya ni msiba mwingine.

Na HeLa? Seli zile zilichukuliwa mwaka 1951 kutoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekuwa akitibiwa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Hakuombwa ruhusa. Alifariki Oktoba mwaka uleule, akiwa na miaka 31, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua kwamba seli zake zinaoteshwa duniani kote. Ndani ya seli hizo kuna vipande vya DNA ya HPV 18 vilivyojipachika kwenye kromosomu, na E6 bado inatengenezwa hadi leo, kwenye friza yangu na ya wengine. Ndiyo kile nilichokuwa nakitazama kwenye picha zangu bila kukijua. Mstari uliokosekana ulikuwa kazi ya kirusi kilichomwingia mwanamke mmoja zaidi ya miaka sabini iliyopita.

Ona lakini tofauti. Saratani nyingi zimemvunja mlinzi mwenyewe, jeni imeharibika na hairudi. Saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida haijamgusa. Jeni ya p53 ni nzima. Ukiondoa kidole kinachoelekeza, mlinzi anatokea. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalifanya hivyo kwa HeLa, yakazima E6 na E7, na seli hizi ambazo zilikuwa zimegawanyika bila kukoma kwa nusu karne zikasimama na kuzeeka.

Je, tuzibe katapila?

Swali la kawaida ninaloulizwa: si mzibe tu proteasomu, kama ulivyofanya wewe? Dawa ya namna hiyo ipo. Bortezomib iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili, mailoma, na inasaidia kweli. Seli zile zinazalisha protini kwa wingi wa kutisha, kwa hiyo takataka zikikosa pa kwenda zinakufa mapema kuliko jirani zake. Lakini ni kusimamisha makatapila yote mjini kwa sababu ya nyumba moja. Mishipa ya fahamu inaumia, chembe sahani za damu zinashuka, na kwa saratani za uvimbe mgumu haijafua dafu.

Njia ya kuvutia zaidi ni ile ya kirusi: kumwelekeza E3. Na dawa ya kwanza kufanya hivyo iliuzwa zamani kabla mtu yeyote hajajua kuna yubikwitini. Ni thalidomide, kidonge cha usingizi na kichefuchefu cha mwishoni mwa miaka ya 1950, kilichowafanya maelfu ya watoto wazaliwe na mikono na miguu isiyokua. Mpaka mwaka 2010 ndipo watafiti wa Japani walipokuta kinaposhika: sehemu ya E3 iitwayo sereblon. Kikishashika, sereblon inaanza kupiga X protini ambazo haikuwa na shida nazo, baadhi zikiwa za lazima kwa kiungo cha mimba kuchipua. Ndugu zake wa kikemia leo wanatibu mailoma ileile, kwa kuelekeza X kwenye protini ambazo saratani inazitegemea. Siku hizi maabara nyingi zinaunda molekuli zenye vichwa viwili, kimoja kinashika E3 na kingine kinashika protini utakayo wewe. E6 ilishafanya hivyo muda mrefu bila kuomba ufadhili.

Dawa ya kumng'oa E6 kutoka kwa E6AP bado haijafika hospitalini. Umbo la E6, E6AP na p53 zikiwa zimeshikana lilichapishwa mwaka 2016, na watu wanalifanyia kazi, mimi nikiwa kwenye kona ndogo sana ya kazi hiyo.

Simu ya shangazi

Mwaka jana shangazi yangu alinipigia. Shule ya binti yake ilileta karatasi ya kuruhusu chanjo ya HPV. Nilimwamkia, akaitikia haraka, akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma mambo ya virusi? Eti hiyo chanjo ndiyo inawawekea watoto kirusi chenyewe, baadaye wakose uzazi?"

Siku ile nilijibu vibaya. Nilisema "hapana shangazi, ni salama", jibu ambalo kila mtu anatoa na halimtoshi mzazi anayefikiri. Jibu lenyewe ni hili. HPV ina ganda na ina vitu vya ndani. Chanjo ni ganda peke yake, protini iitwayo L1, iliyotengenezwa kiwandani ndani ya hamira au seli za wadudu, ikajipanga yenyewe kuwa mpira mtupu. Hakuna DNA ya kirusi ndani yake. Hakuna E6, hakuna E7. Hakuna kidole. Mwili unaliona ganda, unatengeneza kingamwili, na siku kirusi cha kweli kikija kinakamatwa nje ya seli, kabla hakijafungua mdomo. Na hiyo ndiyo sababu chanjo inatolewa kwa wasichana wadogo: kirusi kikishaingia na kuanza kutengeneza E6, kingamwili za ganda hazina cha kushika.

HPV 16 na 18 zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Rwanda ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba hata dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, na Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024.

Shangazi mwenyewe, aliyepita umri wa chanjo, hakuuliza juu yake yeye. Nilirudi kumpigia. Maambukizi mengi ya HPV mwili unayaondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yanayobaki huchukua muda mrefu kugeuka saratani, kawaida miaka 15 hadi 20, na 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano mwenye VVU asiyetumia dawa. Ni miaka mingi ambayo mabadiliko yanaonekana na kutibika kabla ya saratani. Kipimo rahisi kinachotumika kwenye vituo vyetu vya afya ni cha siki: muuguzi anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kwa macho na taa. Siki inagandisha kwa muda protini za seli, na sehemu ambayo seli zimejaa viini vikubwa na protini nyingi inageuka nyeupe, wakati ya kawaida inabaki na rangi yake. Rangi hiyo inapotea baada ya dakika chache. Kama doa linatibika, mara nyingi linaweza kutibiwa siku hiyohiyo.

Aliniuliza kama inauma. Nikamwambia nilichoambiwa na waliopima: unahisi kama kuwashwa kidogo, kisha inaisha. Akasema ataenda akimpeleka binti.